Kitasa Anapatikana

Mtaani kwetu ukifungiwa nje ya nyumba yako, huna haja ya kuvunja dirisha. Unampigia Kitasa. Namba yake imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa kibanda chake, kwenye ukuta wa shule, kwenye nguzo iliyo mbele ya hospitali, na kwenye mageti kadhaa ambayo wenyewe hawakuombwa ruhusa. Rangi hiyo naijua vizuri kwa sababu aliinunua kwangu. Mimi nauza rangi na brashi, na duka langu limepakana na kibanda chake ukuta kwa ukuta, kiasi kwamba mashine yake ya kuchonga funguo ikianza kulia, makopo yangu nayo yanatetemeka kwenye rafu.

Ni mtu mrefu, mkimya, mwenye vidole vyembamba kama vya mtu asiyefanya kazi ya mikono. Alianza ujanani kwa kutengeneza makufuli ya masanduku ya wanafunzi, na hajawahi kufanya kazi nyingine. Mafundi wa kufungua milango wapo wengi. Mmoja yuko kona ya pili tu, kijana mwenye pikipiki na maneno matamu. Sifa ya Kitasa ni kwamba anapokea simu. Anapokea akiwa mezani, akiwa msalani, hata akiwa msibani, ila huko husogea pembeni kwanza. Neno lake ni moja, "Nakuja," na akilisema ujue mkoba wa zana uko begani tayari.

Mkewe alikuwa anakaa meza ya mbele, akiuza makufuli na vishikizo vya funguo, na kuwatuliza watu. Hiyo ya kutuliza si kazi ndogo. Mtu aliyepoteza ufunguo huja amefura, kana kwamba sisi ndio tuliomfichia. Mama, ndivyo tunavyomwita, atampa kiti, atamuuliza mara ya mwisho aliushika wapi, atamwambia apapase mifuko polepole, na wengine waliondoka pale wakicheka kwa aibu bila kununua kitu. Zana zote alizijua kwa majina. Mumewe alikuwa ananyoosha tu mkono nyuma bila kugeuka, naye anampa kinachotakiwa. Lakini kubeba mkoba na kwenda mwenyewe kwenye mlango wa mtu, hilo lilikuwa halijatokea.

Mwaka juzi jicho la kulia la Kitasa lilianza kumfanyia vituko. Akitazama ufunguo alikuwa anaona kichwa na ncha, lakini meno ya katikati yamefutika. Fremu ya mlango iliyonyooka aliiona imepinda. Akalaumu balbu, kisha miwani, kisha kiwanda kinachotengeneza funguo. Mwishowe mkewe alimkokota hadi kliniki ya macho, na daktari akamwambia kuna tundu dogo sana kwenye utando wa nyuma ya jicho. Lilihitaji kufanyiwa upasuaji mapema, na vifaa vya upasuaji huo havikuwepo karibu.

Binti yao mkubwa anaishi ng'ambo na mumewe. Anafanya kazi kwenye karakana ya kusaga vioo vya miwani, kwa hiyo madaktari wa macho wa huko anawafahamu. Ndiye aliyehangaikia hospitali, karatasi na tiketi. Alipopiga simu kumweleza baba yake mipango ilivyokwenda, nilikuwepo pale kibandani nikingoja kikombe changu cha chai, na simu ilikuwa kwenye spika. Nilidhani mzee atauliza habari ya kisu. Hakuuliza. Aliuliza habari ya namba yake.

"Laini yako utakuja nayo hiyo hiyo, baba," binti alimwambia. "Hapa nyumbani kuna Wi-Fi. Mtu akipiga namba yako ya siku zote, simu itapita kwenye Wi-Fi na kuita hapa hapa chumbani kwako."

"Na huyo anayepiga awe na simu ya namna gani?"

"Yoyote. Hata ya vitufe kama ya mama. Yeye anapiga kama kawaida, hajui lolote."

"Na mimi nikimpigia mama yako?"

"Itakuwa kama uko mtaa wa pili."

Jibu hilo lilimpendeza kupita kiasi. Binti alisisitiza kwamba huduma hiyo lazima iwashwe kabla hajaondoka, kwa hiyo kesho yake alikwenda ofisi ya kampuni ya simu. Dada wa kaunta alifungua mipangilio ya simu yake, akabonyeza hapa na pale, akajaribu kupiga, kisha akamwonyesha alama ndogo juu ya kioo, mkonga wa simu wenye vijimawimbi pembeni. Akamwambia alama hiyo ikiwepo, anapatikana. Akamwonya pia kwamba akishuka tu kwenye ndege aiache simu kwenye hali ya ndegeni, awashe Wi-Fi peke yake, la sivyo atapokea simu kupitia mitambo ya watu wa huko na bili itamtoa machozi. Kitasa aliyarudia maelezo hayo njiani kama mtoto aliyetumwa dukani.

Sharti lake lilikuwa moja. Asitangaziwe mtu. Tukiulizwa, yupo. Hofu yake ilikuwa yule kijana wa pikipiki. Aliamini wateja wakijua yuko ng'ambo watahama, na mteja aliyehama harudi. Kibanda kitafunguliwa kama kawaida, mkewe atauza makufuli, na kazi za kufungua na kuchonga zitaahirishwa kwa maneno mazuri kwa simu mpaka atakaporudi. Alifungasha nguo chache, akijua anarudi mapema.

Upasuaji ulikwenda salama. Lakini kulikuwa na mambo mawili ambayo ama binti hakumweleza vizuri au yeye hakuyasikia kwa kuwaza simu. La kwanza, daktari alikuwa amelijaza jicho hewa maalumu ya kulikandamiza lile tundu lizibe, na ili hewa hiyo ikae mahali pake ilibidi alale kifudifudi mchana na usiku kwa siku kadhaa. La pili, asingeweza kupanda ndege mpaka hewa yote iishe jichoni, kwa sababu huko juu ingevimba na kumpofusha. Ingechukua wiki nyingi, na daktari hakutaka kutaja siku.

Basi fundi wetu akalazwa kwenye chumba kidogo cha nyumba ya binti yake, uso umening'inia ukingoni mwa kitanda, paji la uso limeegemezwa kwenye kiota cha mito na mataulo alichokitengeneza mkwe wake. Chini yake kulikuwa na zulia la kijivu, na juu ya zulia, simu. Hakuruhusiwa kutazama picha wala kusoma. Kusikia na kusema ndivyo vilivyokuwa vimebaki.

Simu ya kwanza ya kazi iliingia asubuhi ya huko, ambayo kwetu ilikuwa mchana. Alikuwa muuguzi mmoja anayeishi nyuma ya soko. Mtoto wake mdogo alikuwa ameingia bafuni, akafunga mlango kwa ufunguo na hajui kuufungua. Kitasa alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nakuja," na kukata. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la supu.

"Unakwenda wapi, baba?"

Aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipokumbuka alipo. Alipapasa zulia, akampigia mkewe.

Mimi nilimwona mkewe akipokea simu hiyo. Alisikiliza, akasema, "Haya," akasimama na kuutungua mkoba kwenye msumari. Aliniomba nimwangalizie kibanda, basi. Hakuonyesha wasiwasi wala ushujaa. Alikwenda kama mtu anayekwenda kuchota maji.

Kule kwa muuguzi, simu ya Mama iliwekwa kwenye spika na muuguzi akaishika karibu na mlango. Kitasa aliuliza kitasa ni cha aina gani. Akaambiwa ni cha zamani, cha ufunguo mrefu, na ufunguo uko upande wa ndani, mtoto ameugeuza nusu ukakwama. Akaanza kumwelekeza mkewe atafute waya mwembamba, aukunje ncha, aupitishe juu ya ufunguo. Maelezo yalikuwa marefu.

"Mzee, ngoja kidogo," mkewe akamkatiza.

"Ningoje nini? Mtoto yumo ndani."

"Mlango huu unafungukia nje. Bawaba ziko huku kwetu."

Muuguzi akaitazama simu, akidhani imekatika.

"Mzee, upo?"

"Nipo. Nyundo unayo? Na msumari mnene?"

"Ninavyo mkononi."

"Basi anza na ya chini. Ya juu iwe ya mwisho, mlango usije ukakulalia."

Yeye mwenyewe akifika kwenye mlango wowote, kitu cha kwanza anachokitupia jicho ni bawaba. Safari hii hakuwa na jicho la kutupa, na kuuliza hakukumbuka. Mkewe alizigonga pini za bawaba kwenda juu, moja baada ya nyingine, akaupenyezea mlango bisibisi pana na kuuvuta upande. Mtoto alikutwa amekaa ndani ya beseni, amejipaka dawa ya meno mpaka masikioni, na alipoona watu akalia kwa sababu hakutaka kutoka.

Muuguzi aliuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Mama akajibu kwamba kuna kazi imemshika, hawezi hata kuinua kichwa. Alinisimulia hilo akirudisha mkoba kwenye msumari, na tulicheka mpaka mteja wangu mmoja akaja kuuliza kuna nini.

Kuanzia hapo wakawa na utaratibu wao. Mtu anampigia Kitasa, Kitasa kule kifudifudi anauliza maswali yake, kisha anasema, "Mama anafika sasa hivi," na anampigia mkewe. Wengi hawakushangaa. Walidhani mzee ana kazi kubwa mahali, kiwandani au kwenye jumba jipya. Alijifunza kuuliza yale ambayo zamani aliyaona tu. Mlango unafungukia wapi? Kitasa ni cha kuchimbia ndani ya mbao au cha kubandika? Ukisukuma, unacheza juu au chini? Na mkewe alijifunza kujibu kwa maneno machache.

Kuchonga funguo ndiko kulikomtesa Mama. Alifunga ufunguo wa mteja upande mmoja na ule usiochongwa upande wa pili, akawasha mashine, na mimi upande wangu wa ukuta nikasikia makopo yakicheza. Simu alikuwa ameiweka juu ya meza ili mumewe asikilize.

"Unabana sana," sauti ilitoka ng'ambo. "Mashine inalia kama inachinjwa. Legeza mkono, iache ikate yenyewe."

Funguo alizoharibu alizitupa kwenye kopo tupu nililompa, na kopo likajaa. Likaja kopo la pili, lakini hilo halikujaa.

Huko ng'ambo nako nyumba ilibidi izoee. Simu nyingine ziliingia alfajiri yao, watu wa huku wakiwa wamekwisha kunywa chai. Mkwe ni mtu wa adabu, hakusema neno lolote, ila alinunua vizibo vya masikio na kuviacha mezani ambapo mzee hangeweza kukosa kuvigusa. Binti ndiye aliyesema. Kitasa aliporuhusiwa kuinuka na kutembea kidogo, alikataa kutoka nje. Kisa kilikuwa kwamba akishatoka mlango mkubwa wa jengo, Wi-Fi ya binti inabaki nyuma, na anayempigia ataambiwa mteja hapatikani. Alishuka ngazi akiwa na simu mkononi mpaka mahali ile alama yenye vijimawimbi ilipopotea, akapanda kidato kimoja ikarudi, na hapo akaweka mpaka wa matembezi yake. Alikwenda hadi pale na kugeuka, kila siku, majirani wa binti wakimpisha.

"Umekuja huku kutazama zulia langu na ngazi zangu," binti alimwambia.

"Zulia lako ni zuri," alijibu, akaendelea kushuka kufikia mpaka wake.

Siku ya kurudi kliniki hakuwa na budi kutoka. Alishinda huko, na siku hiyo mwalimu mkuu wa shule yetu alimpigia mara kadhaa. Ofisi ya mitihani ilikuwa imegoma kufunguka. Hakumpata. Akaja mwenyewe kibandani, amekasirika, akauliza tangu lini Kitasa hapatikani. Mama alimpa kiti kama anavyowapa wote. Kisha, badala ya kusema kazi imemshika, akamwambia ukweli: yuko ng'ambo, amepasuliwa jicho, leo yuko kwa daktari. Akachukua mkoba, wakaondoka wote, na ofisi ikafunguliwa kabla kengele ya mchana haijalia.

Aliporudi alikuja dukani kwangu kununua kopo dogo la rangi nyekundu. Alisema amechoka kuulisha uongo ambao kila siku unaamka na njaa. Akaniomba nimshikie stuli, akapanda, na chini ya namba ya mumewe kwenye mlango wa kibanda akaandika yake. Nilimuuliza kama mzee ana habari. Akasema mzee ana jicho la kushughulikia. Tangu siku hiyo kila aliyeuliza aliambiwa mzee yuko wapi na kwa nini.

Huku sisi tukaona mambo yamenyooka. Kule ng'ambo simu ya Kitasa ikanyamaza.

Siku ya kwanza alidhani ni sikukuu ambayo ameisahau. Siku zilizofuata akaanza kuishuku Wi-Fi. Akamwomba binti akizime kile kisanduku chake cha Wi-Fi na kukiwasha tena. Akahamisha mito yake ili alale karibu nacho. Akaizima simu, akaiwasha, akaitoa laini na kuifuta kwa shati. Binti aliangalia mipangilio yote, akasema huduma iko hewani, alama ipo, hakuna kasoro. Mkwe alimpigia kutoka chumba cha pili kuthibitisha, na simu ikaita kwa sauti kubwa.

Hakuridhika. Akanipigia mimi, akaniomba nikate halafu nimpigie kutoka huku. Nilimpigia, ikaita mara moja tu akawa amepokea. Sauti ilikuwa safi, kama yuko nyuma ya ukuta wangu. Akaniuliza kama mvua zinanyesha sana. Akaniuliza kama watu siku hizi hawapotezi funguo. Nilimwambia wanapoteza kama kawaida. Akangoja niendelee, lakini mambo ya nyumba ya mtu si ya kuyamwaga simuni. Nikamwambia amuulize mama. Hakumuuliza, nadhani kwa sababu alishaanza kuogopa jibu.

Alilipata kwa msimamizi wa mabweni ya chuo, mteja wake wa siku nyingi. Kila muhula unapokaribia kuanza, Kitasa hukagua vitasa vya vyumba vyote pale. Muda ulikuwa umefika, na msimamizi hajapiga, kwa hiyo akampigia yeye. Msimamizi alifurahi sana kumsikia. Alimpa pole ya jicho, akamwuliza kama maumivu yamepungua, kisha akamwambia asihangaike na mabweni.

"Mama Funguo ameshamaliza," alisema. "Vyumba vyote. Na lile komeo la chuma la stoo, lililotusumbua miaka yote, siku hizi linafunguka kwa kidole. Wewe pumzika, fundi."

"Nani?"

"Mama Funguo. Mkeo."

Kitasa alimshukuru, akavaa koti la mkwe, akashuka ngazi. Alifika kwenye mpaka wake na kuupita. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka peke yake. Alifuata ukuta wa jengo mpaka mtaa wa nyuma, akakuta benchi mbele ya duka la kufulia nguo, akakaa. Aliniambia alikaa akitazama mlango wa jengo la mbele kwa jicho zima. Haukuwa na tundu la ufunguo. Watu walifika, wakagusisha kadi ukutani, mlango ukaachia. Hakuna aliyepapasa mfuko wala aliyemwita mtu. Alisema hakuwaza jambo la maana, ila baridi ilimwingia mpaka kwenye meno, na hakutaka kuinuka.

Binti alimkuta hapo baada ya kuzunguka mitaa mitatu akiwa na viatu vya ndani. Hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba mama amepiga na kupiga anaambiwa hapatikani, na huko nyumbani ameshaanza kulia.

Alipopanda ngazi, simu ilianza kuita kabla hajafika mlangoni. Alikaa pale pale kwenye kidato akapokea.

"Ulikuwa wapi?" mkewe aliuliza.

"Nje."

"Nje wapi, na jicho hilo?"

"Nje tu. Nasikia kuna Mama Funguo huko."

Mkewe hakukana. "Wananiita hivyo. Sikuwatuma."

"Na namba yako iko mlangoni?"

"Iko chini ya yako."

"Yangu hailii, mama. Tumeikagua mpaka laini nimeifuta. Kumbe nzima."

"Hailii kwa sababu niliwaambia umepasuliwa jicho. Wanaona aibu kukusumbua. Mtu akifika hapa anauliza jicho lako kwanza, ndipo anaeleza shida yake."

"Na yule wa pikipiki?"

"Alikuja kuazima tupa. Naye aliuliza jicho."

"Ukampa?"

"Nilimpa. Akairudisha."

Binti alikuwa amesimama juu yake ngazini, anasikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Anasema baba yake alisugua goti, akasafisha koo kama mtu anayetaka kulaumu. Kisha akasema:

"Lile komeo la stoo. Ulilifanyaje?"

Mkewe akamweleza. Alikuwa amegundua kwamba komeo halikuwa na kosa, ila fremu ndiyo iliyokuwa imeshuka, na hivyo akasogeza tundu la kupokelea juu kidogo kwa tupa na patasi. Maelezo yalikuwa marefu, na mzee hakuyakatiza hata mara moja.

"Mimi nilikuwa nalitia mafuta tu," alisema mwishoni.

"Najua," alisema mkewe. "Nilikuwa nakupa kopo."

Jicho lilijiponyea kwa mwendo wake. Ile hewa aliiona ndani ya jicho kama povu la pima maji ya fundi mwashi, mstari unaocheza kila akigeuza kichwa. Kila siku ulishuka, ukawa duara, ukawa shanga, na asubuhi moja akaamka haupo. Siku hizo za mwisho alitembea sana. Alikwenda na mkwe kwenye maduka ya zana, akashika vitasa vya kila aina bila kununua, na simu aliiacha nyumbani juu ya zulia. Binti akipokea kwa niaba yake, mara nyingi alikuwa mtu wa kumjulia hali tu.

Daktari alimpima, akasema tundu limeziba, sasa anaweza kupanda ndege. Hakumficha kwamba mistari iliyonyooka itaendelea kuonekana imepinda kidogo, labda kwa mwaka, labda siku zote.

Alirudi tukampokea. Kesho yake asubuhi nilifungua duka nikamkuta amesimama mbele ya kibanda, upande wa wateja, kama mtu asiyejua aanzie wapi. Mkewe alikuwa kwenye mashine akimchongea ufunguo mzee mmoja. Alipomaliza, hakumpa mteja. Alimpa mumewe. Kitasa hakuutazama, alifumba macho yote mawili na kuupitisha kidole gumba kwenye meno yake, akakirudisha nyuma, akakisimamisha mahali pamoja.

"Hapa kuna makali."

Mkewe alichukua tupa, akayaondoa, akampa tena. Safari hii Kitasa aliupapasa, akaupeleka kwa mteja.

Sitasema waliishi bila mikwaruzano. Mwezi wa kwanza waligombea mkoba, kwa sababu simu ikilia wote wawili walinyoosha mkono kwenye msumari ule ule. Walinunua mkoba wa pili, nao wakaugombea kwa kuwa ulikuwa mwepesi zaidi. Mzee alijaribu kurudi kwenye mashine, akaharibu funguo za mteja wa kwanza na wa pili, akaiacha. Meno ya funguo ni kazi ya Mama sasa. Makomeo ya kubahatisha kwa kidole na kwa sikio ni ya mzee. Milango ya kawaida huenda aliye karibu. Kwenye meza ya mbele hukaa mzee zamu nyingi, na hapo ndipo anapotoka jasho, maana hajui kumfariji mtu aliyefura. Humtazama tu, na wapo waliolalamika kwamba wanatazamwa kama wezi. Anajifunza.

Simu yake inalia kidogo kuliko zamani, ya mkewe inalia zaidi. Nilimuuliza siku moja kama linamsumbua. Akaniambia siku nyingine linamsumbua, kisha akageuza mazungumzo kwa kuniuliza bei ya rangi ya kijani.

Wiki iliyopita ofisi moja ya mawakili iliwaita kufungua kabati la chuma ambalo aliyekuwa na siri ya namba zake amestaafu na kuzisahau. Walikwenda wote wawili na mikoba yote miwili. Mzee aliweka sikio kwenye chuma, Mama akazungusha gurudumu polepole, wale mawakili wakaambiwa wanyamaze, wakanyamaza. Kabati lilifunguka kabla ya saa ya chakula. Niliwaona wakirudi kwa miguu kandokando ya barabara, wakibishana ni nani kati yao aliyelisikia kwanza likiachia.